Matia Aliyengoja Miaka Tisa

Kila siku Matia aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alikunywa chai akiwa amesimama, akavaa koti zito, akashuka hadi stesheni ya Vårby gård kupanda treni. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa katika jiko la hospitali moja kubwa ya Stockholm. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo. Trei chafu zilikuja juu ya mkanda uliosogea wenyewe. Alimwaga mabaki, akapanga sahani na vikombe kwenye mashine, akageukia trei nyingine. Trei hazikuisha.

Zamani Matia alikuwa mpima ardhi wa serikali nchini Uganda. Mwaka 1977 askari walianza kumtafuta. Akakimbia pamoja na mkewe Kevina na binti yao Namubiru, ambaye bado alikuwa akinyonya. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwa hilo.

Kosa lake lilianza baadaye. Matia aliamua kungoja. Alijiambia kwamba serikali ile ingeanguka, naye angerudi kwenye kazi yake. Kwa hiyo hakuona sababu ya kujifunza jambo lolote. Kiswidi alijua kile cha jikoni tu: moto, baridi, haraka, kesho. Serikali ilipoanguka mwaka 1979, alingoja nchi itulie. Nchi haikutulia. Akaendelea kungoja.

Kevina alifanya usafi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Farsta. Mwaka 1982 alimwambia mumewe kwamba anataka kusomea kazi ya muuguzi msaidizi.

"Ya nini, Mama Namubiru?" Matia aliuliza. "Tutaondoka kabla hujamaliza. Ngoja tufike kwetu, utasoma."

"Tunaondoka lini?"

"Karibuni."

Kevina akangoja. Mwaka 1984 aliuliza tena, akapewa jibu lile lile.

Mwezi wa Januari 1986 serikali mpya ilishika madaraka mjini Kampala. Waganda wa Stockholm walikusanyika, wakala, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Juma lile lile Matia aliiandikia ofisi yake ya zamani. Jibu lilifika mwezi wa Mei.

Barua ilikuwa ya heshima. Ofisi ilimkumbuka vizuri. Nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine, lakini wapima ardhi walikuwa bado wanahitajika. Aliombwa aeleze kazi za upimaji na masomo aliyofanya tangu alipoondoka.

"Utaandika nini?" Kevina aliuliza.

Matia alimrudishia barua.

Kevina aliikunja barua, akairudisha ndani ya bahasha. "Wangeniuliza mimi," alisema, "na mimi nisingekuwa na la kuandika." Hakupandisha sauti. Matia angependelea apandishe.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Mueni alikuja kuketi mezani pake. Mueni alikuwa Mkenya kutoka Machakos. Aliwahi kuosha vyombo kwenye mkanda ule ule. Sasa alipika vyakula vya wagonjwa wenye masharti ya lishe, na chama cha wafanyakazi kilikuwa kimempa jukumu la kuwaeleza wenzake habari za masomo. Mara tatu alikuwa amempa Matia karatasi za matangazo. Mara tatu Matia alizifutia meza.

"Leo sikuleta karatasi," Mueni alisema. "Naona meza ni safi."

Matia hakucheka. Alimweleza habari za barua. "Hali imenimaliza, dada."

"Hali ipi?"

"Ukimbizi."

"Ukimbizi ulikunyang'anya kazi. Hilo nakubali. Lakini kukaa miaka tisa bila kufungua kitabu, ulilazimishwa na nani?"

"Nilikuwa nangoja."

"Kungoja ni uamuzi, Baba Namubiru. Watu hawauoni kwa sababu hautiwi sahihi."

Matia alitazama vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji. "Nina miaka arobaini na minne," alisema. "Kutwa naosha sahani. Nitasoma saa ngapi?"

"Jioni, ukitaka. Kuna shule ya watu wazima, na mafunzo hayalipiwi. Baadaye, ukihitaji kusoma mchana, sheria inakupa ruhusa ya kwenda masomoni na kurudi kwenye kazi yako. Mwajiri anaweza kukuchelewesha kidogo. Kukukatalia kabisa hawezi."

"Vyeti vyangu vilibaki Uganda."

"Watakupa jaribio waone umefika wapi."

"Na nikishindwa?"

"Utajua umefika wapi."

"Nikifaulu, watanipa kazi?"

Mueni alikoroga kahawa yake. "Sitakudanganya," alisema. "Wako waliosoma wakabaki jikoni. Mimi mwenyewe niko hapa. Ila nikimnyima mgonjwa chumvi, najua kwa nini namnyima. Mwaka jana sikujua. Kazi nzuri wanaweza kukukatalia. Kujua zaidi ya jana, hilo ni lako, hata ukiwa kwenye mkanda."

Matia alifanya jaribio mwezi wa Agosti. Yeye aliyekuwa akikokotoa pembe za viwanja kila siku alipata maswali kumi na saba kati ya arobaini. Alipangwa katika darasa la wanaoanza hesabu upya.

Jioni ya kwanza alimkuta Kato darasani. Huko Uganda, Kato alikuwa kibarua wake. Ndiye aliyemburutia mnyororo wa kupimia, jua likiwaka, Matia akiandika chini ya mwavuli.

"Bwana Mpima," Kato alisema. "Nilikuwekea kiti mwaka juzi, nikachoka."

"Wewe pia uko darasa hili?"

"Mimi niko la juu. Jumanne huja kumsaidia mwalimu. Toa daftari."

Matia aliutazama mlango. Haukuwa mbali. Hakuna ambaye angemzuia, na kesho trei zingekuja kama kawaida. Alisimama hivyo kitambo, koti likiwa bado mwilini. Kisha akalivua, akaketi, akatoa daftari.

Mwezi ule ule Kevina alianza masomo yake. Hakuomba ruhusa, na Matia hakuonyesha kwamba alitarajia kuombwa. Kevina alisoma Jumatatu na Jumatano, Matia Jumanne na Alhamisi. Aliyebaki nyumbani ndiye aliyepika. Namubiru alikilalamikia chakula cha baba yake kwa Kiswidi, akidhani hamwelewi. Baba alikuwa ameanza kuelewa.

Haikuwa safari rahisi. Matia alianguka mtihani wa kwanza wa Kiswidi, na wa pili pia. Kuna jioni alizosinzia juu ya kitabu, mikono ikinuka sabuni ya mashine. Lakini mwaka 1988 aliomba ruhusa kazini, akasomea ufundi wa upimaji mchana kwa mwaka mzima. Kiangazi cha 1989 aliajiriwa kuwa mpimaji msaidizi katika ujenzi wa barabara upande wa Hässelby. Kazi hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile aliyoiacha Uganda. Hata hivyo alitumia vyombo vipya ambavyo hakuwahi kuvigusa, na kila mwezi alivielewa zaidi. Kevina alikuwa amekwisha kuwa muuguzi msaidizi, katika nyumba ile ile ya wazee aliyokuwa akiipiga deki.

Jioni moja ya Septemba, Kevina aliweka fomu mezani.

"Ni ya uuguzi kamili," alisema. "Pamoja na masomo ya kujiandaa, ni miaka minne."

"Minne," Matia alisema.

"Na tukirudi Uganda kabla sijamaliza?"

Matia aliisoma fomu yote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kumwita Namubiru amfasirie.

"Tukirudi baada ya miwili, utarudi ukiwa umesoma miwili," alisema. "Wanapokea mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi. Bado kuna nafasi ya kufikiri."

Matia alisogeza sahani pembeni, akamwekea kalamu.

"Jaza leo."