Jembe la Ng'ambo ya Kichaka

Haya yalimpata rafiki yangu mshonaji, nami nayaandika kama alivyonisimulia, bila kutia chumvi.

Binti yake wa miaka sita alikuwa na homa siku ya nne, na dawa za zahanati zilikuwa zimeshindwa. Shangazi yake rafiki yangu akamtuma rafiki yangu nyuma ya tanuri la matofali, akachimbe mizizi ya ule mmea wa maua ya njano.

"Ila ukisikia mwingine anachimba, fukia shimo urudi mikono mitupu."

"Mikono mitupu, shangazi, na mtoto anazimika?"

"Mimi nimeshasema."

Alipoanza kuchimba udongo mwekundu wa pale, wingu la mvua likatanda, kukawa giza mchana kweupe. Ng'ambo ya kichaka akasikia jembe jingine. Akipiga, linapiga. Akitulia, linatulia.

"Wewe uliye huko," akasema kwa sauti, "chimba mpaka uchoke! Mizizi hii ni ya mwanangu, siiachi."

Akachimba hadi mfuko ukajaa. Jembe lile lilimsindikiza mpaka barabarani.

Nyumbani alimkuta shangazi palepale kando ya kitanda, hajabanduka tangu asubuhi. Rafiki yangu alichemsha mizizi, akamnywesha binti, jasho likamtoka, homa ikashuka. Akammiminia mtoto kikombe cha pili.

"Shika, mama, unywe mwenyewe."

"Siwezi, mikono inaniuma."

Akamfumbua viganja. Vilikuwa na malengelenge mapya ya mpini, na ndani ya kucha mlikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi.