Fremu Kumi za Ukoka

Kila asubuhi kabla ya kengele, msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama mbele ya dirisha la maabara kunyoosha kola yake kwenye kioo. Darasani aliitwa Daktari, na jina hilo hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe. Alikuwa ameshika namba moja katika biolojia mihula mitatu mfululizo, na kichwa kilimvimba hivi kwamba ungeshangaa mlango wa darasa ulimtoshaje.

Jumanne hiyo mwalimu wa biolojia aliwagawa wanafunzi wawili wawili na kuipa kila jozi fremu ya mbao yenye upande wa mita moja.

"Itupeni mara kumi bila kuchagua pa kuitupia," alisema. "Ikiangukia mahali, pigeni magoti mhesabu kila aina ya kiumbe aliyemo ndani. Majani, wadudu, konokono, chochote chenye uhai. Hiyo ndiyo bioanuwai: wingi wa aina za viumbe wanaoishi mahali pamoja. Na msifanye mzaha. Mkuu wa shule anataka kulifukia bonde la nyuma ya maabara apate maegesho ya magari. Amekubali kusubiri tumwambie kwanza kuna nini mle."

Bonde hilo lenye majimaji likamwangukia Daktari, pamoja na mwenzake mmoja mpole waliyemwita Matope kwa sababu ya viatu vyake.

"Mimi nikapige magoti kwenye magugu?" Daktari alisonya. "Mimi nasomea udaktari, shoga, sisomei ung'ombe."

"Lakini mwalimu kasema..."

"Nenda wewe kwa vyura wako. Ripoti niachie mimi. Mwandiko wako wenyewe utadhani kuku kapita!"

Matope akaenda bondeni peke yake, na daftari tu. Daktari akabeba fremu hadi kwenye bustani ya mbele ya ofisi ya walimu, palipooteshwa ukoka unaofyekwa kila wiki, akaitupa mara kumi pale pale. Alisimama wima muda wote, asije akachafua soksi. Dakika kumi tu, kazi kwisha! Kisha akaandika kwa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu: *Eneo: bonde la nyuma. Aina zilizoonekana: moja, ukoka.* Ulikuwa upuuzi mtupu, ila ulipigiwa mistari kwa rula.

Matope aliporudi na orodha yake nyuma ya daftari, Daktari aliishika kwa ncha za vidole viwili.

"Konokono? Jongoo? Unampelekea mwalimu majongoo? Acha kunitia aibu!" Orodha hiyo akaiacha juu ya dawati, akapeleka karatasi yake.

Siku mbili zilizofuata mwalimu wa biolojia alikuwa kwenye semina, kwa hiyo ripoti zilisomwa na mkuu wa shule mwenyewe. Alhamisi, mama huyo alipanda jukwaani na karatasi mkononi.

"Nimesoma habari za bonde letu," alisema. "Lina ukoka. Ukoka basi! Hata sisimizi amekataa kuishi mle. Kesho saa nne trekta linakuja kulifukia. Na aliyeandika ripoti hii ana mwandiko safi kabisa, mpigieni makofi."

Wakapiga. Daktari akapandisha mabega kana kwamba bonde amelifukia kwa mikono yake. Matope peke yake hakupiga makofi. Alikuwa analia, na Daktari alimwona, akabetua midomo.

Ijumaa asubuhi mwalimu alirudi, akasoma ile karatasi, akawaita wote wawili.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Daktari kwa madaha.

"Marahaba. Fremu kumi, na hukuona hata mdudu mmoja?"

"Hakukuwa na kitu, Mwalimu."

"Haya, twende ukanionyeshe hicho kitu ambacho hakipo."

Walipofika bondeni, mwalimu aliitupa fremu bila kutazama. Ikaangukia ukingoni mwa maji.

"Hesabu."

Daktari akapiga magoti. Aliona ndago, aliona matete, na baada ya hapo akawa anatoa macho tu. Namba moja wa biolojia! Matope aliinama kando yake akaanza kutaja taratibu: mchicha pori, buibui, konokono wa aina mbili. Majini, mdudu wa kahawia aliruka ghafla akanyakua kiluwiluwi cha mbu.

"Huyo nani?" mwalimu aliuliza.

Daktari akamgeukia Matope.

"Mtoto wa kereng'ende," Matope alisema.

"Naam. Hukaa majini akila viluwiluwi vya mbu. Mbu wakimponyoka wakaruka, chura anawasubiri. Na majani haya unayoyaita magugu yanashika udongo, mvua isije ikausomba hadi kwenye msingi wa maabara. Ukifukia hapa umefukuza kazi kundi zima kwa siku moja. Ule ukoka wako wa bustanini ni aina moja tu. Ukipata ugonjwa unaouua, umekwisha wote."

Daktari akajua kuwa mwalimu amejua. Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka. Saa tatu na nusu ilikuwa imepita.

"Mwalimu, tafadhali, mwambie mkuu..."

"Nimwambie nini? Mimi sikumdanganya. Karatasi ina jina lako."

Alikwenda mbio, na alipoingia ofisini trekta lilikuwa linanguruma getini.

"Ile ripoti ni ya uongo," alisema huku akihema. "Sikufika bondeni. Nilihesabu bustani ya mbele."

"Sema kwa sauti, sikusikii," mkuu alisema, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

Akasema tena, safari hii akilia. Mkuu alimtazama kama mtu anayetazama unga wenye funza.

"Kumbe mwandiko wote ule ulikuwa wa kufungia takataka." Alifungua dirisha akamwamuru dereva azime injini. "Una mpaka saa nane. Niletee ukweli, halafu nitaamua."

Daktari akarudi bondeni kwa Matope, wakatupa fremu mara kumi. Matope alitaja, Daktari akaandika, tope likimfika magotini. Saa nane mkuu alisoma orodha ya aina thelathini na nne, akaisoma tena, kisha akashuka bondeni mwenyewe na viatu vyake vya ofisini. Aliporudi alimwambia dereva aende zake. Magari yangeegeshwa karibu na geti.

Jioni mwalimu aliwasimamisha wote wawili mbele ya darasa.

"Trekta haliulizi maswali," alisema. "Linakwenda linakoelekezwa na karatasi. Kwa hiyo andika ulichokiona, na kama hukutaka kuinama uone, usiandike. Matope nimempa alama zote, orodha yake ya Jumanne nimeikuta juu ya dawati. Wewe binti una sifuri. Itunze vizuri, maana wiki hii nzima ndicho kitu pekee ulichokipata kwa haki."