Wa Kiti cha Nyuma

Mkanda wa kiti cha nyuma kabisa ulikutwa umefungwa. Asubuhi ya kwanza Jypar aliufungua alipokuwa akifagia mchanga ndani ya gari, akadhani ni mchezo wa watoto. Asubuhi ya pili aliukuta umefungwa tena, na safari hii haukulala juu ya kiti kama ulalavyo mkanda mtupu. Ulikuwa umetuna kidogo, kana kwamba umezunguka kifua cha mtu mwembamba.

"Aizirek," alimwita binti yake mkubwa, wa miaka kumi na mmoja. "Nani kachezea mkanda huku?"

"Mimi sijaingia, Mama. Baba alilifunga gari usiku, akalala na ufunguo."

Katika bonde lote la At-Bashy hakuna afungaye mkanda. Hata madereva huuchomeka nyuma ya mgongo ili gari lisiwapigie kelele. Jypar aliubonyeza ukaachia, akaendelea kufagia.

Gari lenyewe lilikuwa na wiki moja tu pale nyumbani. Lilikuwa la Kijapani, kuukuu lakini zima, la viti vinane, usukani kulia, rangi ya maziwa. Mumewe Mederbek alilileta kutoka soko la magari la mji mkuu, Bishkek, baada ya kuezeka mapaa ya watu Urusi miaka miwili. Kila likiwashwa, sauti ya mwanamke wa Kijapani ilisema maneno asiyoyajua mtu, na majirani walicheka sana siku ile ya kwanza. "Mederbek kaongeza mke," walisema, "tena huyu anamwamkia kila asubuhi, si kama huyo wa ndani." Walichinja kondoo, wakapaka damu kwenye magurudumu iwe kinga ya ajali. Mama mkwe wa Jypar, bibi Sairakan, akarusha peremende juu ya paa, watoto wa mtaa wakazigombania.

Lakini kila aliyekula nyama ile alijua gari limenunuliwa kwa nini. Majira ya baridi ya mwaka juzi, mwana wao wa pekee wa kiume, Baisal, wa miaka sita, alishikwa na homa ya mapafu wakati wa tufani ya theluji. Hospitali ya mkoa iko Naryn, ng'ambo ya mlima, na wao hawakuwa hata na mkokoteni. Mederbek alitoka kwenda kwa kaka yake Kubat, mwenye gari, akarudi amefunikwa na theluji mpaka nyusi. Alisema Kubat hayupo na gari halipo. Kulipokucha mtoto alikuwa ameshakata roho.

"Gari limekuja, abiria wake kaenda," bibi Sairakan alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini.

Ndiyo maana siku ile ya karamu, wengine wakila, Jypar aliingia garini peke yake. Akafika mpaka nyuma kabisa, akakipapasa kiti cha dirishani na kusema polepole, "Hapa angekaa Baisal wangu." Alidhani hakuna aliyemsikia.

Baada ya mkanda ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo yaliyopashwa moto, yale wanayopakwa watoto kifuani wakikohoa. Mederbek aliosha mazulia kwa sabuni, akaacha milango wazi siku nzima kwenye jua kali la vuli. Jioni harufu ilikuwa palepale.

Kisha Meerim, mtoto wao wa mwisho, wa miaka minne, akaanza kuomba jibini kavu mbili mbili.

"Moja yangu, moja ya yule wa nyuma," alisema.

Jypar aliinama mpaka macho yao yakalingana. "Yupi wa nyuma, mwanangu?"

"Yule anayekohoa. Anasema wewe ulikuwa unamwita Kibutu."

Jypar alishika ukingo wa meza. Jina hilo la kudekeza hakuna aliyelitamka tangu mazishi, na Baisal alipofariki Meerim alikuwa bado hajajua kusema.

Hakumwambia mumewe. Lakini siku tatu baadaye walimpeleka bibi Sairakan Naryn kupimwa macho, mchana, jua limewaka juu ya theluji mpya. Walipokuwa wakipanda mlima bibi alimshika Jypar mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kuchota maji mtoni.

"Mwanangu," alinong'ona, "watoto tumewaacha nyumbani, sivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nani anakohoa huko nyuma?"

Jypar alikuwa akisikia tangu walipotoka kijijini. Kilikuwa kikohozi kikavu, vitatu vitatu, halafu pumzi ya kuvutwa kama msumeno kwenye mti mbichi. Alitazama kisogo cha mumewe. Mederbek naye alikuwa anasikia, maana shingo ilikuwa imemkakamaa na jasho linamtiririka. Aliinua mkono, akakigeuza kioo cha kutazamia nyuma mpaka kikaangalia paa.

"Baba Aizirek," Jypar alisema, "simamisha gari."

"Breki za nyuma zinalia. Ni gari kuukuu, mlitaka liimbe?"

"Hizo si breki."

"Nimesema ni breki."

Hakusimama mpaka Naryn.

Mtu mwingine angelikimbia gari lile. Jypar alilikimbilia, na hapo ndipo msiba ulipoingilia. Kesho yake, mumewe akiwa malishoni, aliuchukua ufunguo, akaingia, akaufunga mlango na kukaa kiti cha katikati bila kugeuka. Kulikuwa na baridi. Pumzi yake ilifanya ukungu kwenye kioo cha ubavuni mwake. Alipotupa jicho aliona kioo cha nyuma kabisa nacho kimeingia ukungu, duara dogo, likipanuka na kunywea.

"Mama," sauti ilisema. "Mbona umechelewa?"

Ilikuwa sauti ya Baisal. Hata kile kithembe chake kilikuwamo.

Tangu siku hiyo alikwenda kila mchana, akaketi humo saa nzima, saa mbili, chakula kikiungua jikoni na Aizirek akimsuka mdogo wake nywele bila kuambiwa. Sauti ikimsimulia mambo ya zamani ambayo mama peke yake ndiye angeyajua, naye akiyajibu kwa kunong'ona, akijua moyoni kwamba maiti hawarudi na hawakai garini, akijua pia kwamba akitoka humo atarudi kwenye nyumba yenye ndoano moja ya koti iliyo tupu, na kwa hiyo akibaki, huku mashavu yakimbonyea na midomo ikimpasuka, na kila akitaka kugeuka amwone sauti ikisema, "Usigeuke, Mama, bado sijapona," naye akitii, akitii kama mtoto.

Siku ya tisa sauti ilisema, "Nina baridi. Niletee Meerim tukae naye."

"Hapana," Jypar alisema, na kwa mara ya kwanza aliogopa.

"Basi atakuja mwenyewe."

Alitoka mbio, akalifunga gari, akaufunga ufunguo kwenye kitambaa chake cha kichwani. Alasiri hiyohiyo, alipokuwa akikanda unga, nyumba ikanyamaza ghafla. Alitoka uani akaona nyayo ndogo kwenye theluji zikienda moja kwa moja mpaka kwenye gari. Alichungulia kioo cha nyuma akamwona Meerim ameketi wima, mkanda umemkaza shingoni, midomo imekuwa ya samawati, macho yamefunguka yakitazama kiti cha jirani. Jypar aliingiza ufunguo, haukuzunguka, akavuta mlango, akavuta ule mwingine, akapiga kelele jina la Mungu na jina la mtoto na jina la mumewe kwa pamoja, mpaka Mederbek alipotoka zizini mbio na shoka mkononi, akalivunja dirisha, akajipenyeza na vipande vya kioo vikimchana mikono, akaukata mkanda kwa kisu. Na muda wote huo, mbele ya mama na baba na bibi aliyesimama mlangoni, kitu fulani ndani ya gari kilikuwa kinakohoa, vitatu vitatu, bila haraka.

Meerim alipumua alipowekwa karibu na jiko. Bibi Sairakan akajifunga shali.

"Namfuata Rapia," alisema. "Anayetaka kunizuia anizuie." Akamtazama mwanawe alipokuwa akisema hivyo.

Rapia alikuwa mwanamke mnene wa miaka sabini. Alifanya kazi ya kupanga barua posta maisha yake yote, na kazi ya kufukuza majini aliirithi kwa nyanya yake bila kuitaka. Alikuja na mjeledi wa farasi na fungu la matawi makavu ya mreteni, mti wa kufukizia. Hakuingia garini. Alilizunguka mara moja, akanusa, akamgeukia Jypar.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakuna, Mama."

"Majini yako kila mahali, binti, lakini hayakai pasipo na nafasi. Kiti kitupu si nafasi. Kiti kilichopewa jina la maiti, hicho ndicho nafasi. Nani alikipa jina?"

Jypar alilia, akasema ni yeye.

"Basi utakitoa wewe. Mimi nitachoma tu. Atakuita, nawe umkane. Ukisita, ataondoka na huyo mdogo."

Moshi wa mreteni ulijaa gari lote. Rapia alisoma aya kwa sauti nzito, akipiga bati la gari kwa mjeledi. Ndani kikohozi kilizidi, kikawa kilio.

"Mama, kifua kinauma. Mama, unanitupa nje."

"Sema," Rapia aliamrisha.

Jypar alisimama mbele ya dirisha lililovunjika. "Wewe si mwanangu," alisema. "Mwanangu nilimvika sanda kwa mikono hii. Yuko kaburini, hana baridi tena. Wewe sikujui."

Kilio kikakatika. Kisha sauti ilisema, na safari hii haikuwa ya mtoto, ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka:

"Mimi sikumuua. Muulize huyo mwenye shoka. Alifika langoni kwa kaka yake. Taa ilikuwa inawaka. Alisimama, akawaza ugomvi wao wa farasi wa urithi, hakubisha hodi. Akarudi."

Mjeledi ukashuka mara ya mwisho. Upepo mkavu ulitoka dirishani, ukapita katikati yao, ukaenda zake upande wa mlima. Harufu ya mafuta ikakatika palepale, ikabaki ya moshi.

Rapia alifuta jasho. "Ameondoka. Msiyaweke moyoni aliyoyasema. Jini likifukuzwa hutema sumu, huongopa."

Jypar hakuwa anamtazama Rapia, alikuwa anamtazama mumewe. Mederbek alikuwa amechuchumaa, anaokota vipande vya kioo kwenye theluji kimoja kimoja, mikono inavuja damu, wala hakuinua uso.

"Baba Aizirek. Ni uongo, sivyo?"

"Kubat hakuwepo," alisema, akikiangalia kipande cha kioo. "Nilikwambia."

Bibi Sairakan aligeuka akaingia ndani, akajifungia mlango.

Jypar hakubishana. Alimfunga Meerim mgongoni, akamshika Aizirek mkono, wakatembea robo saa mpaka kwa Kubat, nyumba ambayo hakuwa ameikanyaga miaka mitatu, tangu ugomvi wa farasi. Alibisha hodi. Kubat mwenyewe alifungua, mtu mrefu, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati. Mkewe alimimina chai, akaweka mkate bila kuuliza kitu.

"Shemeji," Jypar alisema, "usiku aliokufa Baisal, ulikuwa wapi?"

Kubat alikiweka kikombe chini. "Hapahapa. Jike la farasi lilikuwa linazaa, sikulala. Habari nilizipata asubuhi, kutoka kwa watu baki."

"Hakuna aliyekuja?"

"Mbwa alibweka mara moja. Nikatoka na taa. Nikakuta nyayo za mtu zimefika langoni, zimekaa hapo, theluji imekanyagwa sana, kisha zimerudi zilikotoka. Nikadhani ni mwizi wa mifugo." Uso ukambadilika taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa vibaya. "Ningembeba mgongoni," alisema. "Lau gari lingekwama, wallahi ningembeba yule mtoto mgongoni."

Jypar alimega mkate, akawagawia binti zake.

Jua lilikuwa linazama mbwa wa Kubat alipobweka. Nje, theluji ililia chini ya viatu vya mtu, hatua nzito zikikaribia, kisha zikakoma langoni. Aizirek alizijua. "Ni Baba," alinong'ona.

Kubat alianza kuinuka. Jypar alimzuia kwa mkono.

"Mwache abishe."

Wakakaa wanasikiliza. Chai ilipoa kwenye vikombe. Nje mtu alikohoa kidogo kama anayetaka kusema, akahamisha uzito mguu huu na ule, na theluji ikalia. Muda mrefu ukapita. Kisha hatua zikageuka, zikaanza kwenda, taratibu, mpaka hazikusikika tena.

Mke wa Kubat akainuka, akaenda kutandika matandiko matatu.