Muuza Waini Asiyeonja

Siku mbili kabla ya Krismasi, duka la vinywaji karibu na stesheni ya Kigoma lilikuwa limefurika. Veneranda alisimama mbele ya rafu ya waini, kavaa gauni la kitenge cha njano, na sura ya mtu aliyetumwa asichokijua. Baba yake alitaka nyekundu, nzito, isiyo na sukari. Muuzaji, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa hadi kola, alimchagulia chupa tatu bila kusita: hii inakausha ulimi, hii inaendana na nyama ya mbuzi, hii mpe mzee anayejiona.

"Wewe unapenda ipi?" Veneranda alimuuliza.

"Sijawahi kuonja hata moja, dada. Mimi ni Hamdani wa Ujiji, Mwislamu. Nawasikiliza tu wateja wanaporudi kulalamika."

Veneranda alicheka mpaka watu wakageuka. Baada ya sikukuu alirudi kusema mzee amefurahi, kisha akarudi tena bila sababu yoyote, na kufikia Pasaka walikuwa wakipigiana simu kila siku. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila Veneranda alijitahidi kubana kifua.

Mwaka ulipokaribia kuzunguka alimwambia baba yake kwamba amepata mchumba, yule kijana wa dukani. Mengine aliyameza. Mzee Gasper, mstaafu wa bandari, alifurahi kupita kiasi. Muuza waini gani asiyekunywa, aliwaza.

"Mlete Krismasi na chupa alizochagua mwenyewe," alisema. "Nitammiminia kwa mkono wangu. Anayekataa glasi yangu amekataa nyumba yangu."

Tangu hapo Veneranda hakupata raha. Akisema ukweli, baba atafunga mlango. Asiposema, Hamdani ataingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. Alingoja siku nzuri ya kusema, na siku hiyo haikufika.

Tarehe ishirini na nne Hamdani alipiga simu.

"Mpenzi, umemwambia mzee kwamba situmii?"

"Nimemwambia, roho yangu. Wewe njoo."

Uongo ulimtoka kwa wepesi uliomwogopesha yeye mwenyewe.

Kesho yake sebule ya Mzee Gasper, mtaani Buzebazeba, ilijaa wajomba na mashangazi, ikinukia pilau na samaki wa ziwani, migebuka, wa kukaanga. Hamdani aliingia na suti ya kijivu, akawaamkia wote, akaweka chupa nne mezani. Mzee Gasper alifungua ile nzito kuliko zote, akajaza glasi, akamtia mkononi.

Hamdani alimtazama Veneranda, naye akainamisha macho. Hamdani akaelewa kwamba hakuna aliyeambiwa kitu. Angeweza kuiweka chini na kumpoteza. Lakini alimpenda, na hilo ndilo lililomponza: aliinua glasi.

Kabla haijagusa midomo, Veneranda aliinyakua akainywa yote kwa mkupuo.

"Baba, Hamdani ni Mwislamu. Wewe nilikuficha, na yeye nikamdanganya. Kosa ni langu."

Mzee Gasper aliketi taratibu. Alisema hana ugomvi na Waislamu, amebeba nao mizigo bandarini miaka thelathini, lakini kuwaoza binti ni jambo jingine.

"Na glasi umeinywa wewe," alimwambia. "Basi wewe ni wa nyumba hii. Kaa chini."

Veneranda aliitua glasi mezani, hakukaa.

"Nimesikia, baba. Ila mgeni husindikizwa."

Mzee aliwaruhusu kwa kichwa. Kumnyima mgeni msindikizaji ni aibu, na wajomba wote walikuwa wanatazama.

Walitembea mpaka nyumba ikapotea nyuma yao.

"Ungekunywa kweli?" aliuliza Veneranda.

"Ningekunywa. Halafu polepole ningeanza kukuchukia."

"Nisamehe, Hamdani."

Alimsamehe kwa kumshika mkono mchana kweupe, mtaa mzima ukiona. Walipofika barabara ya Ujiji, mahali ambapo mgeni hushukuru na kumrudisha mwenyeji wake, walisimama.

"Hapa ndipo natakiwa nikwambie urudi," alisema Hamdani.

"Niambie basi."

Alifungua mdomo, akaufunga. Wakaendelea kutembea.