Pengo Katika Mlolongo

Bibi yangu mzaa mama, Chiku binti Matano, alizaliwa Kirongwe, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia. Haya yaliyompata baba yake aliambiwa na baba yake mwenyewe, mara moja tu, siku alipoposwa. Nami nayasimulia kama alivyonipa, sitii chumvi.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, miaka michache kabla hajapigana na Mwingereza. Asubuhi moja ya mwanzo wa masika, Matano alikuwa akifua nazi katika shamba la Bwana Hamoud kama siku zote, makumbi huku, nazi kule, na wenzake wakipiga soga. Bwana Hamoud akaja mwenyewe, kanzu ameikunja isishike tope, akamwita pembeni. Alimwambia kwamba kuanzia siku ile atashika usiku kwenye tanuri.

Wakati wa masika mbata haikauki juani, huota ukungu ikatupwa. Kwa hiyo Bwana Hamoud alikuwa amechimbisha tanuri nje ya kijiji, pale njia inapoingia msituni. Lilikuwa shimo refu lenye moto wa vifuu, chini ya banda la makuti, na juu yake chanja ya miti ya mikoko iliyopangwa nazi zilizopasuliwa. Moto ukizimika, nazi huvunda. Ukipanda sana, huungua. Ndipo akaweka mtu wa mchana na mtu wa usiku. Aliyekuwa akishika usiku ni Abeid, mtu mzima, mpole, aliyefiwa na mama yake mwezi uliopita. Sasa Abeid ameomba mchana, na Bwana Hamoud kamchagua Matano kwa kuwa hanywi tembo na wala hasinzii ovyo.

Jua lilipokuchwa Matano akaenda kupokea zamu. Akamwamkia Abeid, Abeid akaitikia marahaba, akamwonyesha namna ya kutandaza makaa na namna ya kunusa nazi inayotaka kuungua. Alipokwisha, hakuondoka. Alisimama akitazama ile njia ya msituni, kisha akasogea karibu mno, kama mtu anayetaka kuazima kitu.

"Ukisikia watu wanapita," akanong'ona, "geuka uchochee moto wako. Usitazame."

Matano alidhani ni huzuni ya msiba. Akamwombea kheri, naye Abeid akashika njia ya kwake.

Siku za kwanza zilikuwa za tabu. Usiku aliumudu, maana moto humpa mtu kazi. Mchana ndio ulimshinda. Alirudi nyumbani alfajiri, mkewe Mwanahalima akampa uji, akajilaza, na papo hapo dunia ikaamka juu ya kichwa chake. Kinu cha jirani, kuku, watoto wakisoma Kurani chuoni kwa sauti moja, jua likipenya kwenye makuti na kumchoma jicho. Alijigeuza ubavu huu, akajigeuza ubavu ule. Usingizi ukija ni wa kipande, nao una jasho. Akaamka saa tisa alasiri mdomo mchungu, hajui kama anataka chai au chakula cha usiku. Mkewe akimsemesha, anajibu jambo la jana. Chiku, aliyekuwa na miaka minane, alizoea kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yao.

Lakini kulikuwa na jambo moja la ajabu. Tangu ujana wake Matano aliamka kila asubuhi na mgongo unaomuuma, kama kalima usiku kucha. Hakuwahi kulifikiri sana. Kirongwe nzima watu huamka hivyo, wakashika viuno, wakaambizana kuwa ni umande. Sasa, pamoja na kulala vibaya vile, mgongo ulikuwa umenyooka. Viganja navyo vilianza kulainika.

Usiku wa tisa mvua ilikatika mapema. Hapakuwa na upepo. Matano alikuwa amechutama akitandaza makaa aliposikia nyayo.

Hazikuwa za mtu mmoja. Zilikuwa nyingi, zikitua pamoja, taratibu, kwenye tope. Alilikumbuka neno la Abeid. Akaushika mti wa kuchochea, akageuka kwenye moto. Kisha akasikia kikohozi, na kikohozi kile alikijua. Akatazama.

Walikuwa watu wa Kirongwe. Walikuwa mmoja nyuma ya mwenzake, majembe begani, wakitoka kijijini kuelekea msituni. Mwangaza wa moto ukawapiga usoni mmoja mmoja. Alimwona Abeid. Alimwona mwalimu wa chuo. Alimwona Somoe mkunga, na kijana aliyeoa Ijumaa iliyopita. Hakuna aliyegeuza shingo.

Wote walikuwa wamefumba macho.

Akamwona mkewe. Mwanahalima alipita hatua nne kutoka kwake, kanga ya kulalia kifuani, jembe begani, anapumua pumzi za mtu aliye kitandani. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mmoja, kisha mlolongo ukaendelea. Aliyefuata nyuma ya nafasi ile hakuiziba. Alitembea kana kwamba mbele yake kuna mgongo.

Matano hakuhitaji kuambiwa. Pengo lile lilikuwa lake.

Walirudi kabla ya adhana ya alfajiri, kwa njia ile ile, na tope hadi magotini. Abeid alipofika kupokea zamu alikuwa amekwisha oga, macho mekundu. Matano alikwenda nyumbani mbio. Mwanahalima alikuwa jikoni akipuliza moto, mkono mmoja kiunoni.

Akamuuliza amelalaje. Mkewe akasema kalala kama gogo, ila mgongo tu, umande huu. Akamuuliza kama aliota lolote. Hakuota. Matano akatazama nyuma ya mlango. Majembe mawili yalikuwa pale pale, lake na la mkewe. La mkewe lilikuwa na udongo mbichi, mweusi, na shambani kwao udongo ni mchanga mweupe.

Siku ile hakulala hata kile kipande.

Usiku uliofuata walipita tena, na uliofuata. Usiku wa nne akajitia moyo. Mwanahalima alipokaribia, alimshika bega. Lilikuwa la baridi kama mtungi. Akamwita jina lake, kwa sauti ndogo.

Mlolongo mzima ukasimama.

Wakageuza nyuso, wote kwa pamoja, wale wa mbele na wale wa nyuma, wakamwelekea yeye. Macho yamefumbwa. Matano akaachia bega. Akarudi nyuma hadi akahisi joto la tanuri likimchoma miguu. Wakageuka tena, wakaenda zao.

Baada ya siku tatu, pengo likazibwa.

Kwanza aliusikia mburuzo. Kitu cha chuma kilikuwa kikikwaruza njia, kikigonga mzizi, kikivutwa tena. Mwanahalima akapita. Nyuma yake, kichwa hakifiki hata begani mwa mama yake, akapita Chiku. Jembe alilokuwa akiliburuza lilikuwa la baba yake, maana nyumbani hapakuwa na jembe dogo.

Alfajiri ile Matano hakungoja Abeid aseme. Alimkamata mkono, akamwambia aliyoyaona yote, akamtaka amweleze. Abeid alikaa chini kwenye rundo la vifuu. Alieleza polepole, akitazama makaa. Naye alipoanza kushika usiku aliliona pengo lake. Naye alinyamaza, akisema ni ndoto za mtu asiyelala. Halafu mama yake, Biubwa, kikongwe asiyeweza kufika kisimani, akaanza kuamka magoti yamechubuka. Watu wakasema ni uzee. Asubuhi moja hakuamka. Wanawake waliomwosha walikuta viganja vimepasuka, na kila mmoja akaenda nyumbani kutazama vyake. Mara tu baada ya matanga Abeid aliomba zamu ya mchana, apate kulala usiku, kwa kuwa ndani ya nyumba yake alibaki mtoto mmoja.

"Mimi nilichelewa," akasema. "Wewe usichelewe."

Matano akauliza ni nani anayewapeleka.

"Sijui. Nilipokuwa macho sikuthubutu kuwafuata. Na nikilala sioni."

Matano alikwenda kwa Bwana Hamoud kuomba arudishwe mchana. Bwana Hamoud alikuwa na shehena inayongojwa bandarini Chole, akamwambia avumilie mpaka mbata yote iishe kukauka, siku kumi tu. Matano alirudi nyumbani, akakuta Chiku amekaa kizingitini, hachezi, anajipuliza viganja. Malengelenge yalikuwa yamepasuka. Akamuuliza yametoka wapi. Mtoto akasema hajui, labda kinu.

Siku kumi zilikuwa nyingi mno.

Jioni akamchukua mtoto, akaenda naye tanurini. Mkewe alishangaa, lakini Matano alimwambia anataka mtu wa kuzungumza naye asisinzie. Alimpa Chiku kazi ya kuhesabu vifuu. Alimsimulia hadithi za sungura, zote anazozijua, kisha akaanza kuzitunga. Alimpangusa uso kwa maji. Saa nne ikapita. Saa tano. Saa sita mtoto alikuwa akijibu nusu nusu. Matano alimpandisha mapajani, akamtikisa, akamwita. Alikuwa amelala.

Na nyayo zilikuwa zinakuja.

Mlolongo ulifika kwenye mwanga, ukapita mpaka pengo likawa mkabala na tanuri. Ukasimama. Safari hii hawakugeuza nyuso. Walisimama tu, wakielekea msituni, kama watu wanaomngoja mwenzao afunge viatu.

Chiku akainuka mapajani mwa baba yake. Macho yamefumbwa. Matano akamkumbatia. Mtoto hakupiga kelele wala hakupigana. Alivuta tu mbele, taratibu, na nguvu zilikuwa za ng'ombe. Visigino vya Matano vikachimba udongo. Alisoma Ayatul Kursiy hadi mwisho, ulimi ukimwia mzito. Hawakuondoka. Moto ulianza kufifia wenyewe, ingawa vifuu vilikuwa tele.

Nyuma kabisa, pale mwanga usipofika, mtu akasafisha koo.

Alisafisha koo mara moja tu, kama mwenye shamba aliyechoka kungoja vibarua.

Matano alimtazama mkewe aliyesimama hatua nne mbele yake. Akamtazama mtoto. Akambeba kwa nguvu zilizombakia, akamlaza kwenye rundo la makumbi, akamfunika shuka lake. Jembe lake lilikuwa chini njiani. Nani aliyelileta, hakujua. Akaliokota. Akaingia kwenye pengo.

Alisema kwamba usingizi ulimwangukia kama gunia. Kitu cha mwisho alichokisikia ni nyayo zote zikianza tena kwa pamoja, na zake zikiwamo.

Aliamka kitandani kwake kumekucha, mkewe ubavuni, miguu safi, mgongo ukimuuma kama zamani. Alikurupuka hadi tanurini. Moto ulikuwa umezimika, nazi zote zimeharibika, na Abeid alikuwa amekaa na Chiku mapajani, anamlisha kipande cha muhogo. Mtoto alikuwa mzima. Bwana Hamoud alimfukuza Matano siku ile ile, mbele ya watu, akamwita mvivu. Matano aliinamisha kichwa. Viganja vya Chiku vilipona kabla ya mwezi kuandama.

Tangu hapo Matano hakukesha tena, si kwenye arusi, si kwenye matanga. Sala ya isha ikiisha analala. Mkewe alimcheka kwamba amezeeka kabla ya siku zake, naye akamwacha acheke. Hakumwambia kamwe. Kila asubuhi walishika viuno wote wawili, wakasema umande.

Miaka ikapita. Mwaka ule Waingereza walipokiteka kisiwa, wanaume kumi wa Kirongwe walitakiwa kukata miti, na Matano alikuwa mmoja wao. Waliingia msituni mbali, wakipita ambako hakuna mwenye shamba wala mtego. Mchana, jua likiwa utosini, miti ikaisha ghafla, wakatokea kwenye uwanda.

Ulikuwa umelimwa. Udongo mweusi, matuta yamenyooka mpaka macho yanapokoma. Hapakuwa na jani wala mche. Hakuna kilichowahi kupandwa pale. Kila tuta lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala, na hapa na pale palikuwa na yale mafupi.

Mmoja wa wale wanaume alijitazama viganja, kisha akavificha kwapani.

Matano peke yake ndiye aliyesogea. Kwenye tuta la mwisho, lililochimbwa nusu, jembe lilikuwa limesimama kwenye udongo. Aligusa mpini. Ulikuwa na joto la mkono, na jasho lake lilikuwa halijakauka.

Kutoka mbali, upande wa kijijini, upepo ulileta sauti za watoto chuoni, na vinu, na mwadhini akianza kuadhini adhuhuri. Kirongwe nzima ilikuwa macho.