Sabuni Ndani ya Tangi la Samaki

Kila asubuhi, kengele ilipolia, Kidoti alikuwa ameshafagia darasa zima na kupanga madawati. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, lakini cheo chake kilikuwa kiranja wa usafi, na kwa vumbi hakuwa na mchezo. Hata chaki za mwalimu alizipanga kwa rangi.

Jumatatu moja alimaliza mapema, macho yakatua kwenye tangi la kioo lililokuwa karibu na dirisha. Humo waliishi samaki sita wadogo wenye mikia myekundu, wapole, wasiogombana hata wakati wa kula. Kila Ijumaa mwalimu wa sayansi aliwabadilishia robo tu ya maji, tena kwa maji yaliyokaa siku mbili kwenye pipa nyuma ya darasa. Kidoti aliona huko ni kusafisha nusunusu. Sponji ya kuchujia maji ilikuwa na utelezi wa kahawia, na utelezi ulimkera. Basi akawaweka samaki kwenye ndoo, akamwaga maji yote, akasugua tangi, kokoto na sponji kwa sabuni ya unga, akasuuza mara moja na kujaza maji ya bomba. Tangi liling'aa. Akawarudisha samaki, akajiona amefanya jambo la maana.

Kufikia kipindi cha pili samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Darasa zima likamgeukia Mapengo, mvulana aliyepewa kazi ya kuwalisha. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuwamwagia chakula kingi, na mara mbili alishaonywa. Safari hii aliapa kwamba hajawapa hata punje, lakini nani wa kumsikiliza? Mwalimu wa sayansi aliinama akatazama, akasema huenda chakula kimewazidi. Wasipewe chakula siku tatu, na Mapengo apumzike na kazi hiyo.

Kidoti alijiambia kwamba nia yake ilikuwa njema, kwamba samaki watapata nafuu wenyewe. Na akijitaja, nani atamwita tena kiranja wa usafi? Kipindi cha hesabu kilipita bila yeye kuandika kitu. Wakati wa mapumziko samaki mmoja alilala ubavu juu ya kokoto. Hapo akashindwa kuvumilia, akaenda ofisi ya walimu.

"Mwalimu, Mapengo hana kosa. Ni mimi."

"Umefanya nini, mwanangu? Nieleze yote, usiruke kitu."

Alipotaja sabuni, mwalimu alikuwa ameshasimama. Waliwahamishia samaki kwenye ndoo ya maji ya pipa, kisha wakasuuza tangi tena na tena mpaka mikono ya Kidoti ikauma. Mapengo alikuja kubeba maji bila kuitwa. Huku wakifanya kazi, mwalimu alieleza kwamba maji ya bomba yana dawa inayowadhuru samaki mpaka yakae siku mbili, na kwamba ule utelezi haukuwa uchafu. Ndani yake mlikuwa na vijidudu vinavyosafisha maji, na vitachukua wiki kadhaa kurudi. Mpaka wakati huo, maji kidogo yatabadilishwa kila siku.

Mchana samaki watano walikuwa wakiogelea taratibu. Wa sita alikuwa amekufa. Kidoti alilia, kisha akamwomba Mapengo radhi mbele ya darasa. Mapengo alisema amemsamehe, ila ndoo za kesho hazimhusu. Wote wakacheka, hata Kidoti.

Wenzake walipotoka, mwalimu alimwita Kidoti.

"Samaki hawezi kuniambia kinachomuuma," alisema. "Nilikuwa nabahatisha mpaka uliponiambia ukweli. Ungesema kipindi cha pili, pengine tungekuwa na sita. Ungenyamaza mpaka jioni, tusingekuwa na hata mmoja."