Matofali ya Fundi Modise

Wenzangu, nataka niwaeleze yaliyompata Gadifele, mke wa fundi Modise, pale kijijini kwetu Gatshipi, ng'ambo ya mji wa Kuruman. Simsemi vibaya marehemu Modise. Nasema kwa sababu kuta alizojenga bado zimesimama, na usiku ukiingia kuna watu wanalala ndani yake.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, baridi imeanza kulegea. Gadifele alikuwa amekaa uani akichambua mboga, mjukuu wake Oratile, mtoto wa miaka mitano, ameegemea goti lake. Modise alikuwa akipiga lipu chumba alichomjengea binti yao Gaone, mama yake Oratile, huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani. Gadifele alimtazama, akajisikia ameshiba kabla ya chakula.

Kila mtu alimjua Modise kwa matofali yake. Hayakumeguka. Siri yake haikuwa siri: alichota mchanga kwenye lundo la machimbo ya zamani ya asbesto, yaliyofungwa miaka mingi. Nyuzi za buluu za jiwe hilo zilishika saruji kama nywele. Bwana afya aliwahi kumfuata akamwonya kwamba vumbi lile linaua.

"Kijana," Modise alimjibu, "mama yangu alikuwa akigonga mawe ya asbesto kwa nyundo, mimi mtoto mdogo nimelala juu ya magunia. Kama vumbi linaua, basi unaongea na mzimu."

Watu walicheka. Gadifele naye alicheka, na kicheko kile kinamchoma mpaka leo.

Jumapili hiyo mluzi ulikatika ghafla. Modise alikuwa ameinama, mkono kwenye mbavu za kulia.

"Vipi tena, Baba Gaone?"

"Nimejinyoosha vibaya tu. Niletee chai."

Haikuwa kujinyoosha. Wiki zilivyokwenda, alianza kupumzika mara mbili kati ya nyumba na choo. Kwenye zahanati ya kijiji walisikia kikohozi, wakaona amekonda, wakampa dawa za kifua kikuu. Hawakumuuliza alifanya kazi gani, naye hakusema.

"Waambie habari za machimbo," Gadifele alimsihi.

"Niwaambie ili iweje? Waje wapige marufuku matofali yangu? Tutakula nini, maneno yako?"

Basi akameza vidonge miezi sita, akizidi kupungua, mpaka suruali ikashikwa kwa kamba. Ndugu msomaji, fikiria miezi sita ya kutibiwa ugonjwa ambao huna, kwa sababu tu umeficha neno moja.

Siku aliposhindwa kumaliza sentensi bila kuhema, Gaone alikodi gari wakampeleka hospitali mjini. Picha ya kifua ilionyesha upande wa kulia mweupe mtupu: maji. Daktari Mabe, mama mmoja mpole, alimtoa maji hayo kwa sindano na mpira, lita moja na nusu. Halafu akavuta kiti.

"Mzee, umezaliwa wapi? Mama yako alifanya kazi gani?"

Modise aligeukia ukutani. Aliyejibu ni Gadifele. Alisema yote: nyundo, magunia, lundo, matofali. Daktari aliweka kalamu chini.

"Nahofia ni mesothelioma," alisema. "Ni saratani ya utando unaofunika mapafu. Nyuzi za asbesto mtu anazivuta akiwa mtoto, zinakaa kimya miaka thelathini, arobaini, hata zaidi. Lakini sitaki kukisia. Maji peke yake hayatoshi, na picha haitoshi. Itabidi kwenye hospitali kubwa ya Kimberley wachukue kinyama kidogo cha ule utando wakipime."

"Sikatwi," Modise alisema. "Kifua kikifunguliwa upepo unaingia, mtu kwisha. Tumewazika wangapi?"

"Mliwazika kwa sababu walikuja wamechelewa, mzee. Haukuwa upepo."

Hakukubali. Alirudi nyumbani, maji yakarudi naye. Ilipita miezi miwili akilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kabla hajamwambia mkewe kwa sauti ndogo, "Nipeleke."

Majibu ya Kimberley yalikuwa yale aliyoyahofia Daktari Mabe. Alimwita Gadifele pembeni ya dirisha.

"Kuna dawa?" Gadifele aliuliza.

"Za kuuondoa ugonjwa, hapana. Zipo za dripu zinazoweza kumwongezea mtu miezi, lakini zinataka mwili wenye nguvu, na yeye nguvu zimekwisha. Tutamwekea dawa kifuani maji yasijae tena, tutampa mofini ya kunywa asiteseke. Hilo naweza kuliahidi."

"Tungekuja mwaka jana?"

"Labda angepata muda zaidi. Kupona, mama, hapana, sikudanganyi."

Gadifele alishika fremu ya dirisha. "Kuna mtoto analala kwenye chumba cha yale matofali."

"Mtoeni leo. Msiguse ukuta, msivunje, msifagie kukiwa kukavu. Waiteni watu wa afya waje na vifaa vyao."

"Ameshaugua?"

"Hakuna kipimo cha kutuambia sasa. Huenda asiugue maisha yake yote. Itajulikana akiwa mtu mzima."

Jioni ile godoro la Oratile lilihamishiwa kwa dada yake Gadifele. Mtoto aliuliza amekosa nini.

Modise alipoambiwa, hakulia. Alianza kutaja majina ya watu aliowajengea, moja baada ya jingine, akivuta pumzi katikati. Nyumba kumi na saba. "Nenda kawaambie," alisema. "Mimi siwezi. Mama Gaone, nenda."

Alikwenda. Wengine walimsikiliza wakaguna. Seipati, jirani yao wa miaka mingi, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Nilipokuwa nanyeshewa kwenye kibanda cha mabati ulikuwa wapi? Mumeo akanijengea, nikamshukuru Mungu. Leo unaniambia nitoke. Niende wapi, Gadifele?"

"Sijui, dada yangu. Nilitumwa kusema."

"Umesema. Nenda kamuuguze mumeo."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kijana Tshiamo, aliyeoa mwaka ule. Yeye aliamini mara moja. Gadifele hajafika hata barabarani alisikia kishindo nyuma yake. Tshiamo alikuwa ameshika nyundo kubwa, anaubomoa ukuta wa chumba chake, vumbi limetanda uani, mkewe mjamzito na watoto wa jirani wamesimama wakitazama.

"Acha! Acha, mwanangu! Mwagia maji, watoe watu!"

"Si umesema ni sumu?" Tshiamo alipiga kelele akikohoa. "Naitoa!"

Alipokubali kuacha, nusu ya ukuta ilikuwa chini, na watoto walikuwa weupe mpaka kwenye kope.

Gadifele alijikung'uta nje ya uzio, akanawa, akabadili nguo, ndipo akaingia kwa mumewe.

"Wamesikia?" Modise aliuliza.

"Wamesikia wote."

"Wanatoka?"

"Wanatoka, Baba Gaone. Lala."

Modise alifariki siku ya nne baada ya hapo, bila maumivu, kama daktari alivyoahidi. Watu wa afya walikuwa wameshaandikiwa barua waje. Walijibu kwamba orodha ya nyumba zinazosubiri ni ndefu. Seipati alikuja msibani akapika, kisha akarudi kulala nyumbani kwake.

MAFUNZO

Ukiumwa kifua, mweleze daktari ulikozaliwa, kazi uliyofanya, na kazi ya wazazi wako, hata kama hajauliza. Kikohozi kisichosikia dawa za kifua kikuu kipimwe upya. Usikimbie kipimo kwa kuogopa jibu, maana ugonjwa hausubiri uwe jasiri. Asbesto usiichote, usiijengee, na ukiikuta ukutani usiivunje mwenyewe. Na wewe unayeuza kitu ulichoonywa kwamba kinaua, acha leo. Modise alitaka watu waonywe alipokuwa hawezi tena kusimama, na wanaolipia kosa hilo bado hata shule hawajaanza.